UZI: "Who", "which", "that", "whose" na lile "it" tunaloliacha ndani ya sentensi ya Kiingereza

#1 Mwalimu wa Langoni

Assalaam alaykum wanajamvi. Nafundisha tuisheni ya Kiingereza hapa Amu (Lamu). Mchana nina vijana wa sekondari, na baada ya Isha nina manahodha na waongoza watalii wanaotaka kunyoosha lugha yao ya kazi. Makundi haya hayafanani kwa umri wala kwa haja, lakini yakifika kwenye "who", "which", "that" na "whose", yote hukosea mahali pamoja. Nimeona nilieleze jambo hili kwa kirefu, maana vitabu vingi huanzia upande usiotuuma.

Vitabu huanza hivi: "who" ni ya watu, "which" ni ya vitu na wanyama, "that" inaingia kote. Ni kweli, na mwanafunzi wetu hulishika hilo mara moja. Mtu aliyekua akitofautisha ambacho, ambalo, ambazo na ambaye bila hata kufikiri atashindwaje na mgawanyo wa watu na vitu? Taabu yetu haiko kwenye kuchagua kirejeshi, yaani hilo "who" au "which". Iko ndani ya kishazi, yaani maneno yanayokifuata kirejeshi.

Tazama sentensi hii:

Jahazi tulilolinunua Matondoni linavuja.

Kijana anaandika:

The dhow which we bought it in Matondoni is leaking.

Hilo "it" limetoka wapi? Kata kitenzi vipande: tu-li-lo-li-nunua. "Tu" ni sisi, "li" ya kwanza ni wakati uliopita, "lo" ni kirejeshi, na "li" ya pili ni jahazi lenyewe tena. Yaani Kiswahili kimelitaja jahazi mara mbili ndani ya kitenzi kimoja, na sentensi imetulia, haina doa. Kijana ametafsiri vyote viwili kwa uaminifu: "lo" ikawa "which", "li" ikawa "it". Hajazembea. Amefuata lugha yake ilivyo.

Kiingereza hakikubali kutaja mara mbili. Kinaling'oa neno mahali pake, kinalipeleka mbele likiwa limegeuka "which", na pale lilipong'olewa panabaki pengo. Pengo hilo haliguswi. Hili ndilo ninalotaka mtu aondoke nalo kwenye uzi huu, hata akisahau mengine yote.

Namna ninayowafundisha ni kuandika kwanza sentensi mbili fupi:

The dhow is leaking. We bought it in Matondoni.

Tafuta kwenye sentensi ya pili neno linalolirudia jahazi. Ni "it". Lifute, andika "which" badala yake, kisha hiyo "which" isogeze mwanzo: which we bought in Matondoni. Kichukue kishazi chote ukiweke papo hapo baada ya "the dhow":

The dhow which we bought in Matondoni is leaking.

"It" haikupotea. Imegeuka "which". Ukiiandika tena, umekiweka kitu kimoja sehemu mbili.

Kwa watu kosa hili ni sugu zaidi, na nadhani najua sababu. Kwa vitu tuna hiari: twaweza kusema "kitabu nilichosoma" au "kitabu nilichokisoma". Kwa mtu hatuna hiari hiyo. Lazima useme "mtu niliyemwona". Hiyo "mw" huwezi kuitoa. Basi ulimi umezoea, na "the man who I saw him" inatoka yenyewe. Sahihi ni "the man who I saw", au kwa uandishi rasmi "the man whom I saw".

Nitaendelea na vihusishi ("with", "on", "to" na wenzao) baadaye. Huko ndiko kwenye kazi kubwa.

#2 Binti Shela

Shikamoo mwalimu. Mimi niko kidato cha nne. Juzi niliandika "the fisherman who he came from Kizingitini", mwalimu wa shule akapiga mstari chini ya "he" bila kueleza. Ni jambo hili hili?

#3 Mwalimu wa Langoni

Marahaba mwanangu. Ni hili hili, ila limetokea upande wa kiima, yaani mtenda. "Mvuvi aliyetoka Kizingitini": a-li-ye-toka. "A" ni yeye mvuvi, "ye" ni kirejeshi. Umevitafsiri vyote viwili. Fanya zoezi la sentensi mbili: "He came from Kizingitini." Futa "he", weka "who". Kwa kuwa "he" tayari ilikuwa mwanzo, "who" haina pa kuhamia, inakaa pale pale: who came from Kizingitini.

Na kwa kuwa unajiandaa kwa mtihani, shika kipimo hiki. Tazama neno linalofuata nafasi ya kirejeshi. Likiwa kitenzi, kirejeshi ni kiima: tumia "who", "which" au "that", na usithubutu kukiacha. Ikiwa ni nomino au kiwakilishi kama "I", "we", "the captain", basi kirejeshi ni shamirisho, yaani mtendwa: hapo "whom" inaruhusiwa, na pia unaweza kukiacha kabisa.

The donkey I bought is sick. Sawa. Baada ya "donkey" imekuja "I".

The donkey carried the sand is sick. Si sawa. Msomaji Mwingereza anasoma "the donkey carried the sand" akidhani sentensi imekamilika, kisha anagongana na "is sick" hajui aiweke wapi. Andika "the donkey that carried the sand".

Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, ina kifungu chenye mapengo kumi ya kujaza, na virejeshi ni wageni wa kawaida humo. Kipimo hiki kitakusaidia kuliko kukariri.

#4 Ustadh wa Pate

Wa alaykum salaam. Maalim, umenifungua macho, nami nina la kuongeza. Sisi tuliosoma nahau (sarufi) kwa Kiarabu tuna jina la hicho unachokitoa. "Alladhii" ni ismu mausul, yaani kirejeshi, kishazi kinachofuata ni sila, na kile kiwakilishi kinachorudi kwa mtajwa kinaitwa aidi. "Ar-rajulu lladhii ra'aituhu", mtu niliyemwona: hiyo "hu" mwishoni ndiyo aidi, sawasawa na "mw" ya Kiswahili. Kwa hiyo kijana wa Amu anayetoka chuoni (madrasa) asubuhi akaenda shule, lugha zake mbili zote zinamwambia arudishe kiwakilishi, na Kiingereza peke yake kinamwambia aache. Lazima ateleze.

Tofauti moja: Kiarabu chaweza kuiacha aidi ikiwa ni shamirisho na maana iko wazi. Na nomino isiyo na "al" haipewi "alladhii" kabisa, unasema "rajulun ra'aituhu" moja kwa moja.

#5 Mwalimu wa Langoni

Ustadh, Allah akuzidishie. Hilo la lugha mbili kuvuta upande mmoja ni kweli tupu. Anayejua aidi ni nini, mwambie hivi: Kiingereza hakina aidi. Ataelewa kwa maneno matatu kile ambacho wengine nawaeleza kipindi kizima.

Sasa vihusishi. Hapa kosa linageuka: badala ya kuzidisha neno, tunapunguza.

Kiswahili kina kauli ya kutendea. Tunaposema "kisu nilichokatia samaki", ile "i" ya "katia" imebeba kazi ambayo Kiingereza kinaipa neno zima, "with". Kwa kuwa "i" imejificha ndani ya kitenzi, kijana anapotafsiri haoni kihusishi chochote. Anaandika "the knife which I cut the fish". Mwingereza anasubiri neno moja zaidi na halifiki. Linganisheni:

Kisu nilichokatia samaki: the knife I cut the fish with.

Kiti alichokalia mzee: the chair the old man sat on.

Mtu niliyemwandikia barua: the person I wrote the letter to.

Jambo waliloligombania: the matter they quarrelled over.

Rudini kwenye zoezi la sentensi mbili, kwa sababu ndilo linalokamata kihusishi kabla hakijatoroka. "The old man sat on it." Ukifuta "it", "on" inabaki peke yake ikining'inia. Iache ining'inie. Hapo ndipo pengo lilipo, na "on" ndiye jirani wa pengo. Msiifute kwa kuona inakaa ovyo.

Njia ya pili ni kukichukua kihusishi pamoja na kirejeshi na kuvipeleka mbele vyote: the chair on which the old man sat, the person to whom I wrote the letter. Hii ni ya barua rasmi na insha. Ukiichagua, kuna masharti mawili. "That" haikubaliki baada ya kihusishi, kwa hiyo hakuna "on that he sat". Wala kirejeshi hakiachwi. Na kwa mtu hapo ni "whom", si "who".

Mtaambiwa na baadhi ya walimu kwamba ni haramu kumaliza sentensi kwa kihusishi. Mshairi John Dryden aliwahi kulilalamikia jambo hilo mwaka 1672, na malalamiko yale yakarithiwa mashuleni hadi leo. Waingereza wenyewe wamekuwa wakimaliza kwa kihusishi kabla yake na baada yake. Kwenye mtihani, fuata maagizo ya swali. Kwenye mazungumzo, ning'iniza bila hofu.

#6 Nahodha Mdogo

Mwalimu heshima yako, lakini nikuulize kwa nia njema. Mimi nachukua wageni kutoka Manda hadi Shela na kuwapeleka Takwa kutazama magofu. Nikisema "the place which we go it now", wananielewa, wanacheka, tunaenda. Wao wenyewe wakizungumza hawafuati nusu ya haya. Kuna haja gani ya kujitesa?

#7 Mwalimu wa Langoni

Kaka, swali lako ni la haki na nitalijibu kwa haki. Kwa "it" iliyozidi, watakuelewa daima, na biashara haitaharibika. Lakini si kila kosa ni la namna hiyo. Yako yanayobadilisha maana kabisa bila wewe kujua, na mgeni hatacheka, ataondoka na habari nyingine. La mkato, yaani koma (,), ni mojawapo. Chukulia umeandika taarifa kwa Kiingereza baada ya bahari kuchafuka:

The captains who had life jackets were allowed to sail.

The captains, who had life jackets, were allowed to sail.

Maneno ni yale yale. Ya kwanza yasema waliokuwa na maboya ndio walioruhusiwa, na wengine walibaki gatini. Ya pili yasema manahodha wote walikuwa na maboya na wote waliruhusiwa. Kama kuna aliyeondoka bila boya, mikato hiyo miwili imeandika uongo juu yake, na mtu wa bima ataisoma kama ilivyo. Kwa Kiswahili tungesema "manahodha waliokuwa na maboya" kwa yote mawili na kuachia sauti na muktadha kutenganisha. Kiingereza cha maandishi kinadai mkato.

Kanuni yenyewe: kishazi kikimtambulisha unayemkusudia kati ya wengi, hakuna mkato. Kikiongeza habari tu juu ya mtu au kitu ambacho tayari kinajulikana, mkato mbele na mkato nyuma. Majina ya pekee kwa kawaida huwa kwenye kundi la pili, kwa sababu Habib Swaleh ni mmoja na Ngome ya Amu ni moja:

Habib Swaleh, who founded the Riyadha mosque, is remembered every year at Maulidi.

The fort, which was completed in 1821, faces the square at Mkunguni.

Na baada ya mkato wa namna hii "that" haiingii. Usiandike "the fort, that was completed".

Wewe unayewaeleza wageni habari za mji kila siku, sentensi zako nyingi ni za kundi hili. Zikiwa mdomoni, mkato ni kupumua kidogo. Sema "the fort", pumua, "which was completed in 1821", pumua, uendelee. Utasikika umetulia.

#8 Nahodha Mdogo

Hili la kupumua nimelipokea. Sasa "where" je? Mimi kila nikitaja mahali natia "where".

#9 Mwalimu wa Langoni

Hapo pana mtego mzuri. Sisi tuna po, ko na mo, zinazoshika mahali popote. "Where" ya Kiingereza haitazami kama nomino ni mahali. Inatazama kazi ya lile pengo.

Lamu is a town where people still travel by donkey. Pengo ni la "ndani yake": watu husafiri kwa punda huko. "Where" sawa.

Lamu is a town which attracts many visitors. Hapa mji ndio unaovuta, ni kiima cha "attracts". "Where attracts" ni kosa.

Lamu Old Town, which UNESCO listed in 2001, ... Mji ni shamirisho. "Which" tena.

Zoezi la sentensi mbili linalimaliza. Neno unalolifuta likiwa "there", weka "where". Likiwa "it", weka "which". Na "nyumba anamokaa" ina njia mbili ambazo hazichanganywi: "the house where she lives" au "the house which she lives in". Ukisema "the house where she lives in" umeziunganisha, na hiyo "in" imezidi.

"When" na "why" hazina taabu kubwa: siku aliyofika ni "the day when he arrived" au "the day he arrived", sababu iliyomleta waweza kusema "the reason why he came" au "the reason he came".

#10 Kijana wa Mkomani

Mwalimu, tuliambiwa shuleni "that" haitumiki kwa mtu, ni dharau. Pia nimeona mahali "which" imetumika kwa Mungu: "Our Father which art in heaven". Ipi ni sahihi?

#11 Mwalimu wa Langoni

"The man that I saw" ni Kiingereza safi, cha zamani na cha leo. Wengi hupendelea "who" kwa mtu, hasa kwenye maandishi, na kwenye mtihani "who" ni salama. Lakini "that" si kosa, wala si dharau.

Hiyo "which" uliyoiona ni ya tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611, enzi za Mfalme James. Wakati ule "which" ilikuwa bado inatumika kwa watu. Mgawanyo wa "who" kwa watu na "which" kwa vitu uliimarika baadaye.

Kuna pia wanaosema "which" ni lazima iwe na mkato na "that" isiwe nao. Hilo ni pendekezo lililotiliwa mkazo na H. W. Fowler mwaka 1926, na wahariri wengi wa Marekani hulifuata kama sheria. Uingereza, "which" bila mkato ni ya kawaida. Sisi Kenya tumerithi desturi ya Uingereza, ndiyo maana nimeandika "the dhow which we bought" bila wasiwasi.

#12 Mama Duka

Salaam mwalimu. Mimi si mwanafunzi, nasaidia binti yangu na kazi za shule. "Msichana ambaye baba yake ni nahodha" imetushinda. Ameandika "the girl who her father is a captain", mimi nikamwambia aweke "whose", akaandika "the girl whose her father". Bado naona pana kitu.

#13 Mwalimu wa Langoni

Dada, masikio yako yako sawa. "Whose" imeshambeba "her" ndani yake. Sentensi mbili: "I know the girl. Her father is a captain." Futa "her", weka "whose": I know the girl whose father is a captain. Nomino inayomilikiwa inaifuata "whose" papo hapo, bila "her", bila "the". Kwa Kiswahili "yake" inabaki kwa sababu "ambaye" haina umiliki, "whose" inao.

"Whose" huenda kwa vitu pia, msiogope: "a house whose door was carved in Lamu" ni sentensi nzuri kabisa. Na asiichanganye na "who's", ambayo ni "who is" au "who has".

Mwekee na hili: "nilicho nacho" ni "what I have", lakini "kila kitu nilicho nacho" ni "everything that I have" au "everything I have". "What" haifuati nomino wala "everything".

#14 Kijana wa Mkomani

La mwisho mwalimu, la "whom". Ulisema tutazame neno linalofuata. Je, "the man who I think stole the donkey"? Baada ya kirejeshi imekuja "I", kwa hiyo ni "whom"?

#15 Mwalimu wa Langoni

Umekiona mahali kipimo changu kinapohitaji uangalifu, na nimefurahi. "I think" hapa imepita njia tu. Itoe: "the man who stole the donkey". Kumbe kirejeshi ni kiima cha "stole". Kwa hiyo "who". Hata magazeti makubwa ya Kiingereza huandika "whom" mahali hapa wakidhani wanapendeza. Ukikutana na "I think", "he said", "we believe", zifunike kwa kidole, kisha upime.

Kwa mazungumzo "whom" imepungua sana na hakuna atakayekulaumu ukisema "who". Mahali pekee ambapo bado inasimama imara ni baada ya kihusishi: to whom, with whom, from whom.

#16 Mama Duka

Binti ameandika nne hizi usiku huu. Tusahihishie inshallah.

1. The boat was late, which made us miss the plane at Manda.
2. The shopkeeper whom we bought the rice from him is my uncle.
3. The woman whose shop we rent it lives in Mkomani.
4. One of the boats that come from Mokowe is ours.

#17 Mwalimu wa Langoni

Ya kwanza ni sahihi na imenifurahisha, maana "which" hapo hairejelei mashua, inarejelea habari yote ya kuchelewa, kama tusemavyo "jambo lililotufanya". Mkato wake ni wa lazima na ameuweka.

Ya pili, atoe "him". "From" ibaki: the shopkeeper whom we bought the rice from. Akitaka iwe rasmi: the shopkeeper from whom we bought the rice.

Ya tatu, atoe "it". "Whose shop" yote imehamia mbele, kwa hiyo pengo liko baada ya "rent": the woman whose shop we rent lives in Mkomani.

Ya nne aiache ilivyo. Mashua zinazotoka Mokowe ni nyingi, ndiyo maana ni "come". Yetu ni moja, ndiyo maana ni "is".